Ule utando mweupe mnaoniambia niutoe kwenye nyama ndio unaowatembeza. Nani kawahi kuuona mshipa "uliohama"?

#1 Kisu cha Mwanga
Wakuu, mwidiwe.

Nina bucha hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa 14 huu. Kila asubuhi wateja wananiambia jambo moja: "Nitolee hizo ngozi ngozi." Wanamaanisha ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama, unaoteleza ukiwa mbichi na kukataa meno ukipikwa. Natoa, natupa kwenye ndoo. Mbwa wa mtaa mzima wananifahamu.

Jana kaja jirani anachechemea. Katoka kwa mchua viungo, kaambiwa mshipa wa mguu "umehama", utarudishwa kwa siku tatu na chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Nikajiuliza: ng'ombe nimepasua wangapi? Wengine walianguka kwenye lori, wengine waliteguka kabisa. Sijawahi kukuta mshipa uliotoka kwake ukaenda kuhamia kwa jirani. Nikiingiza kisu nakuta kila kitu kimeshikana na kingine. Msuli umefunikwa na utando, utando umeshikana na wa msuli wa pili, mwishoni zote zinakusanyika kuwa kamba nyeupe, kamba inazama kwenye mfupa. Kuibandua pale ni kazi ya kisu kikali na jasho.

Nyama nyekundu peke yake hainyanyui hata kwato. Kata ile kamba ya nyuma ya mguu, acha msuli wote mzima, mguu unakuwa kitambaa. Kwa hiyo kinachotutembeza ni hicho tunachowatupia mbwa. Wachua viungo mliomo humu, nionyesheni mshipa uliohama.

#2 Mwisho wa Reli
Naweka kambi hapa. Ila Kisu, ile nusu kilo ya Jumamosi ilikuwa utando mtupu. Kumbe ulikuwa unaniuzia miguu.

#3 Fizio wa Gungu
Kisu umeeleza vizuri, ila tuweke majina sawa maana humu tutachanganyana. Kamba inayotoka kwenye msuli kwenda kwenye mfupa ni kano. Inayofunga mfupa kwa mfupa ni ligamenti. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, mara nyingi inayoumia ni ligamenti ndogo ya upande wa nje, mbele kidogo ya lile fundo. Utando unaofunika misuli ni fashia. Gegedu ni ile laini unayoitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Zote ni ukoo mmoja, na uzi mkuu uliozisuka ni protini iitwayo kolajeni.

Hapo kwenye "mguu unakuwa kitambaa", kwa binadamu si kabisa. Nitarudi, nina mgonjwa mezani.

#4 Mjukuu wa Ujiji
Tatizo ni lugha yetu. Damu inapita kwenye mshipa. Neva, mshipa wa fahamu. Kano, mshipa. Mtu ana ngiri, "ana mshipa". Bibi yangu akisema "mshipa umenikamata" inaweza kuwa popote kuanzia kisigino hadi shingo. Mchua viungo hajadanganya, katumia neno moja tulilompa.

#5 Mwana wa Mchuaji
Kisu, mama yangu anachua watu tangu mimi sijazaliwa. Kuna wanaoletwa wamebebwa mgongoni, wanarudi kwa miguu yao. Wewe unajua nyama iliyokufa. Mama anajua nyama inayolia. Ukishaipasua, kilichokuwa kinahama kimeshakufa.

#6 Mwisho wa Reli
"Nyama inayolia." Bucha imefungwa, twendeni nyumbani.

#7 Taa ya Kibirizi
Kisu, huyo jirani anayechechemea ni mimi. Ungenisalimu kwanza kabla ya kunileta humu, ila si neno. Acha nijisemee mwenyewe.

Mimi mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Giza likiwepo tunakesha majini na taa. Mbalamwezi ikiingia, dagaa hawafuati taa, tunakaa nchi kavu, na hapo ndipo tunapocheza mpira. Yaani wiki tatu sijakimbia hata hatua kumi, kwenye mtumbwi utakimbilia wapi, halafu siku moja bonanza dakika 90. Nina miaka 38.

Dakika ya sitini hivi nimejivuta niwahi mpira, nikasikia "pwa!" kama kamba ya nanga imekatika, na mtu kanipiga teke nyuma ya kisigino. Nikageuka nimtukane. Hakuna mtu. Beki wa karibu alikuwa mbali kama kutoka mlangoni hadi barabarani. Maumivu yakaja, yakapungua, jioni nikajikokota hadi nyumbani. Zahanati moja nikapewa vidonge vya maumivu. Kwa mchua viungo ndiyo hayo aliyosema Kisu. Leo siku ya tisa, na kusimama kwa ncha ya vidole siwezi.

Mshipa unaitwaje sina haja nao. Nataka kujua nani alinipiga.

#8 Mwisho wa Reli
Mlangoni hadi barabarani, na teke likafika. Hao wapinzani wako wana mchezaji wa ziada asiyeonekana.

#9 Bi Mkubwa Bangwe
Msicheke. Mwanangu Taa, kumbuka vizuri, kwenye kugawana mapato ya mwezi uliopita uligombana na nani?

#10 Fizio wa Gungu
Taa, acha kila kitu. Lala kifudifudi kitandani, miguu yote ining'inie nje ya ukingo kuanzia vifundoni. Mwambie mama watoto aminye shavu la mguu mzima, katikati kabisa. Unyayo utasogea wenyewe, vidole vikielekea mbali nawe, kama mtu anayekanyaga mafuta ya gari. Kisha aminye la mguu unaouma. Asiuguse unyayo, aminye shavu tu. Uje utuambie kaona nini. Na usichuliwe tena kabla hatujajua.

#11 Manati
Wakati tunamsubiri. Hilo la "nani alinipiga" halihitaji mchawi. Kano ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini, lakini msiione kama kamba ya kufungia mbuzi. Ile ni manati. Unapotua inavutika, ikirudi inakurusha. Mwaka 1987 Waingereza, akiwemo profesa McNeill Alexander, walipima kwenye mashine: katika nishati ambayo mkimbiaji huipoteza na kuipata tena kila anapokanyaga, kano hiyo inahifadhi na kurudisha kama asilimia 35, na upinde wa unyayo asilimia 17. Yaani nusu ya mbio zako ni raba, wala hujui. Na mzigo unaopita humo ukikimbia unafika mara 6 hadi 8 ya uzito wako.

Sasa raba iliyolala wiki tatu mtumbwini unaivuta ghafla hadi mwisho. Wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza kwa nadra ndio wanaokatika zaidi. Na karibu wote wanasimulia hivyohivyo: mlio, teke, ukigeuka hakuna mtu.

#12 Kisu cha Mwanga
Taa, nisamehe jirani. Sikutaja jina lakini. Hata hivyo #11 ameniunga mkono, utando na kamba juu, nyama chini.

#13 Nesi wa Zamu
Manati, sawa. Lakini timu nzima ya Taa imelala mitumbwini wiki tatu. Mbona kakatika yeye peke yake?

Taa, mwezi huu umekunywa dawa gani? Nauliza hasa sipro, ile antibayotiki iitwayo siprofloksasini. Ukoo wa dawa hizo unaweza kudhoofisha kano, ya kisigino ikiwa ya kwanza. Marekani mwaka 2008 mamlaka yao ya dawa iliagiza onyo la kano kukatika liwekwe kwenye kisanduku cheusi, ambalo ndilo onyo zito kuliko yote. Inaweza kutokea ndani ya siku chache au hata miezi baada ya kumaliza dozi. Huku kwetu watu wanazinunua kama pipi.

#14 Mwisho wa Reli
Mie tumbo likinguruma tu naenda nazo mbili. Leo naanza kutembea kwa adabu.

#15 Taa ya Kibirizi
Nesi, nilikunywa sipro. Tumbo la kuharisha, duka la dawa, siku tano, kama wiki tatu kabla ya mechi. Na kuna kingine sijasema. Mwaka jana kisigino hikihiki kilikuwa kinauma kwa nyuma kila nikiamka, mahali fulani nikachomwa sindano palepale. Kesho yake nikapona kabisa.

Mke wangu anamalizia kusonga ugali, anakuja kuminya.

#16 Nesi wa Zamu
Kama ilikuwa ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hiyo nayo ni shahidi. Inazima maumivu haraka, lakini ikichomwa kwenye kano yenyewe au jirani yake inaweza kuiacha dhaifu. Na mtu akishasikia nafuu ya haraka hivyo anarudi mpirani siku ya pili.

#17 Manati
Sasa washtakiwa wako watatu: wiki tatu za mtumbwini, sipro, sindano.

#18 Bi Mkubwa Bangwe
Wanne. Hajanijibu kuhusu mapato.

#19 Taa ya Kibirizi
Tumefanya. Mguu wa kulia unyayo umesogea kama ulivyosema. Wa kushoto kaminya mara tatu, umetulia kama kasia lililosahaulika. Mke wangu kanyamaza.

Lakini Fizio, mbona natembea? Mchua viungo alisema ingekuwa imekatika nisingeweza hata kusimama.

#20 Fizio wa Gungu
Pole sana. Kesho asubuhi hospitali, na usikanyagie mguu huo. Kipimo cha kitandani si picha ya ultrasaundi, lakini kikionyesha hivyo, pamoja na ule mlio, kano imekatika mpaka waseme vinginevyo.

Kuhusu kutembea, ndiyo maana niliandika #3 kwamba binadamu haishii kwenye kitambaa. Kuna misuli mingine inayopita nyuma ya vifundo kwenda unyayoni, ile ya vidole, ya upande wa ndani na ya nje. Hiyo inasaidia, unajikokota, hata ukiambiwa usukume unyayo chini unasukuma kidogo. Hapo ndipo watu wanadanganyika, si wachua viungo tu, hata sisi wenye makoti. Kinachokushinda ni kunyanyua mwili mzima kwa mguu mmoja.

Siku tisa bado ni mapema. Ikishapita wiki nne, msuli unakuwa umejivuta juu, pengo limejaa kovu, kazi inakuwa nyingine. Utapewa ama plasta, unyayo ukielekezwa chini ili ncha zikutane, ama upasuaji. Usiogope ukiambiwa plasta. Wanorwei walitoa utafiti mkubwa mwaka 2022: baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa sawasawa kwa namna walivyojisikia na kutumia mguu. Tofauti ni kwamba wasiopasuliwa walikatika tena zaidi, asilimia 6 hivi dhidi ya chini ya 1, na waliopasuliwa waliumizwa neva zaidi. Chagua na daktari wako.

#21 Mwana wa Mchuaji
Nimemsomea mama uzi wote. Kacheka kwenye nyama inayolia, akasema mimi ndiye nimesema, yeye hasemi hivyo. Halafu akauliza: "Huyo aliyemchua hakusikia bonde?" Anasema nyuma ya kisigino kidole kikizama pahali ambapo kamba inatakiwa kukirudisha, hamgusi mtu, anamfukuza aende hospitali na nauli anachangia. Ameshawafukuza wawili. Kwa hiyo wachua viungo tusiwafunge kamba moja.

Na Fizio ujibu kwa haki: kweli hakuna mshipa unaohama?

#22 Fizio wa Gungu
Mama yako apewe heshima yake. Hilo bonde ndilo tunalotafuta na sisi.

Kwa haki, zipo kano zinazohama. Nyuma ya fundo la nje la mguu zinapita kano mbili kwenye mfereji wa mfupa, zimezuiwa na kamkanda kadogo. Kamkanda kakichanika, kano inaruka juu ya fundo na kurudi, unaiona kwa macho. Begani nako kuna moja inayoweza kutoka kwenye mfereji wake. Kwa hiyo Kisu, hoja yako ya #1 imepata tundu. Lakini ukiwatoa hao wachache, wengi wanaoambiwa "umehama" hakuna kilichohama. Kuna ligamenti iliyovutika, uvimbe na msuli uliokaza kwa kujihami.

#23 Mwana wa Mchuaji
Umeona Kisu? TUNDU.

#24 Kisu cha Mwanga
Nimeliona. Ng'ombe hawana mafundo ya namna hiyo, nisilaumiwe.

Lakini na mimi niwaulize wasomi. Shingoni mwa ng'ombe, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mgongoni, kuna mkanda wa rangi ya njano, mnene kama mkono wa mtoto. Si mweupe kama hizo kano zenu. Unachemshwa kutwa nzima, hauliki. Kongoro zinakuwa uji, huo mkanda unabaki ulivyo. Kwa nini?

#25 Manati
Huo umejaa elastini badala ya kolajeni. Kolajeni ukiichemsha muda mrefu inafumuka inakuwa jelatini, ndiyo supu ya kongoro inaganda ikipoa. Elastini haifumuki, ni raba hasa. Ng'ombe anakula majani kutwa kichwa kikiwa chini, na kichwa chake ni kizito. Mkanda huo unamsaidia kukibeba na kukirudisha juu bila misuli kuchoka. Sisi tunao mwembamba tu, maana kichwa chetu kimekaa juu ya uti kama beseni.

#26 Mnyamwezi wa Tabora
Nimepita njia nikakuta mnazungumzia kongoro. Huku Tabora mtu akivunjika au akiteguka ni kongoro asubuhi, kongoro jioni, mpaka mwenyewe aanze kukwepa. Wazee wanasema anayekula kamba anaota kamba. Sayansi inasemaje, au nayo inauza bucha?

#27 Nesi wa Zamu
Ukila kolajeni tumbo linaivunjavunja kama protini nyingine, haiendi moja kwa moja kisiginoni na barua ya utambulisho. Hata hivyo, mwaka 2017 kundi la akina Keith Baar, Marekani, liliwapa vijana jelatini gramu 15 yenye vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba dakika 6. Alama ya utengenezaji wa kolajeni kwenye damu ikapanda mara mbili ya walionyweshwa isiyo na jelatini. Lakini vijana wenyewe walikuwa 8 tu, na hakuna aliyekatika kitu. Hiyo si dawa ya Taa.

Vitamini C haina ubishi. Bila hiyo kolajeni haisukiki. Mabaharia wa zamani walioikosa walitoka damu kwenye fizi, na makovu ya zamani yalifumuka upya. Daktari wa meli James Lind aliwajaribu kwa machungwa na malimau mwaka 1747, wakaamka. Kwa hiyo mnaokula kongoro, kamulieni ndimu.

#28 Mnyamwezi wa Tabora
Ndimu tunakamua tangu enzi za babu, wala hatukusubiri meli.

#29 Manati
Mimi hapo napinga kidogo. Wadenmaki walitoa kitu mwaka 2013. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa kati ya 1955 na 1963 yaliongeza kaboni-14, kaboni yenye mnururisho, hewani, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwenye kila aliyekula. Wakapima kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka tofauti. Wakakuta kiini cha kano kimebaki na kaboni ya ujanani. Kinajengwa mpaka kama miaka 17, baada ya hapo hakibadilishwi tena. Kama ndivyo, hiyo kongoro ya mtu wa miaka 38 inaenda kujenga wapi?

#30 Fizio wa Gungu
Kiini kinatulia, ila tabaka za nje na kovu la jeraha zina chembe hai zinazofanya kazi. Kano ikikatika, wiki za kwanza inazibwa na kolajeni ya haraka iliyokaa ovyo, kisha inapangwa upya taratibu, hata mwaka unapita. Na inapangwa kwa kufuata mzigo inaopewa. Ukiilaza kabisa inajipanga vibaya, ukiikimbiza inafumuka.

Hapo ndipo zinapotoka zile ngazi za Msweden Alfredson, 1998: unasimama ukingoni mwa ngazi, unashusha kisigino polepole, 15 mara tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. NI KWA KANO INAYOUMA, SI ILIYOKATIKA. Nimeandika kwa herufi kubwa maana namjua Taa atajaribu.

#31 Mwisho wa Reli
Kwa hiyo ndani ya visigino vya wazee wetu wa Kigoma kuna bomu la Marekani. Asanteni, nalala.

#32 Mjukuu wa Ujiji
Mkitaka kiungo kisichopangwa upya, ulizeni Ujiji. Livingstone alipokutana na Stanley hapa mwaka 1871, mkono wake wa kushoto ulikuwa na mfupa wa juu usioungana vizuri, simba alimtafuna mwaka 1844. Pale pa kuvunjika pakawa kama kiungo cha uongo. Alipokufa, huo mkono ndio uliomtambulisha Zanzibar.

#33 Mnyamwezi wa Tabora
London, mzee wangu, si Zanzibar. Daktari William Fergusson ndiye aliyeukagua mkono mwaka 1874 kabla ya maziko. Na kabla hajafika London alibebwa mabegani na wapagazi hadi Bagamoyo. Kama mnatafuta kano, zilikuwa za hao. Wapagazi wa Kinyamwezi mzigo wao wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi, siku baada ya siku.

#34 Mjukuu wa Ujiji
London, sawa. Lakini walipita kwetu pia, kano mlikopa Ujiji.

#35 Mama Beseni
Naomba kuchangia maana mnazungumza kubeba. Mimi nabeba dagaa kichwani kutoka mwaloni Kibirizi mpaka sokoni. Watoto wangu wenye shule wanachoka na begi la mgongoni, mimi na beseni napiga soga njia nzima. Ni mazoea au kuna kitu?

#36 Manati
Mama, shikamoo. Wewe umeshaandikwa kwenye sayansi. Mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini. Mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia nishati zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mwaka 1995 wakasema siri ni mwendo: mwili wa hao kina mama wenye mzigo unabembea juu ya miguu kama pendulamu, na nguvu inayopotea katika hatua inapungua. Mimi naamini kano na fashia za mgongo zina mkono hapo.

#37 Fizio wa Gungu
Unaamini, hujaonyesha. Waliorudia kupima Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuipata hiyo nafuu, kichwani au mgongoni gharama ilikuwa karibu sawa, na kila mtu alitofautiana na mwenzake. Siku hizi fashia imekuwa kama mchawi wa Bi Mkubwa, kila kisichoeleweka anatupiwa yeye.

#38 Bi Mkubwa Bangwe
Nimekusoma.

#39 Mwana wa Mchuaji
Fizio usiidharau fashia. Mama anasema mgongo wa mtu mgonjwa "haitelezi ngozi juu ya nyama". Anausukuma, unakwama.

#40 Fizio wa Gungu
Hapo mama kagusa kitu. Helene Langevin, Marekani, alipima kwa ultrasaundi mwaka 2011: wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, tabaka za fashia za kiunoni ziliteleza pungufu kwa kama asilimia 20. Kama kukwama ndiko kunaleta maumivu, au maumivu ndiyo yanamfanya mtu asijongee mpaka zikwame, hilo halijajibika. Na kama mkono unaweza kuzilegeza, nalo ni ugomvi. Hesabu za 2008 zilionyesha kwamba fashia nene ya paja na ya unyayo zinataka nguvu kubwa mno kuliko ya kiganja cha mtu. Kwa hiyo mama anapomlegeza mgonjwa, huenda anaongea na neva zake kuliko na utando.

#41 Mwana wa Mchuaji
Nimemwambia. Kasema, "Aongee na nani, mtu si ametembea?"

#42 Kijana wa Boda
Samahani nje ya mada kidogo. Niliteguka kifundo juzi. Barafu au kukandwa maji moto? Nyumbani wamegawanyika.

#43 Nesi wa Zamu
Siku mbili tatu za mwanzo achana na maji moto, uvimbe utaongezeka. Barafu inatuliza maumivu. Ila Gabe Mirkin, Mmarekani aliyetangaza barafu na mapumziko mwaka 1978, baadaye mwenyewe akabadili kauli, akasema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Bandeji iwe ya kukumbatia, isiwe ya kunyonga: vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua mara moja. Ukishindwa kupiga hatua nne, kapige picha ya eksirei.

#44 Kijana wa Boda
Nimepiga tatu.

#45 Nesi wa Zamu
Kapige picha.

#46 Taa ya Kibirizi
Wakuu, nimerudi. Ultrasaundi imeonyesha imekatika yote, pengo la vidole viwili. Nimechagua plasta, unyayo umeelekezwa chini kama mcheza ngoma. Wataibadilisha, unyayo utainuliwa kidogo kidogo.

Nilimuuliza daktari swali langu. Akaniuliza yeye: sipro? Ndiyo. Sindano? Ndiyo. Muda gani hujakimbia? Wiki tatu. Ulipasha? Tulipiga picha ya timu. Akaandika yote manne, hakupigia mstari hata moja.

#47 Nesi wa Zamu
Sipro.

#48 Manati
Wiki tatu za mtumbwini. Sipro ilimalizia tu.

#49 Fizio wa Gungu
Kumbukeni alikuwa na maumivu mwaka jana. Kano ilishaoza ndani kabla ya hayo yote, sindano ikaficha.

#50 Bi Mkubwa Bangwe
Na mapato?

#51 Taa ya Kibirizi
Bi Mkubwa, nimekumbuka. Niligombana na golikipa wetu, kwenye mgao wa dagaa. Siku ile alikuwa nyuma yangu, mbali, golini.

#52 Mwisho wa Reli
Nimeamka. Mtu asifunge uzi.

#53 Taa ya Kibirizi
Giza limeanza, wenzangu wameshashusha mtumbwi, taa zao naziona dirishani. Golikipa ndiye kashika nafasi yangu. Kisu, kesho asubuhi niwekee kongoro mbili, na ndimu. Utando usitoe.

#54 Kisu cha Mwanga
Zipo. Mbwa nitawaeleza mimi.